Honda CG125 ya mzee: irudi ilivyokuwa au ibadilishwe?

SWALI: Fundi, habari za kazi. Mzee wangu alikuwa bwana shamba Kongwa na amenipa Honda CG125 aliyoinunua mwanzoni mwa miaka ya 80. Imekaa stoo tangu 2009. Ipo kamili, ila kiki imegoma, tairi zimepasukapasuka, krome imeshika kutu na rangi imechoka. Mimi naishi Nkuhungu, kazi yangu iko mjini Dodoma, na mara mojamoja naenda Kongwa. Vijana wa gereji wananiambia nikate fremu nyuma, nitupe makava na niweke injini ya bodaboda ya cc 150, iwe "kafe resa", yaani ya mtindo wa mashindano, siti fupi na usukani wa chini. Mzee anataka irudi kama ilivyotoka dukani, rangi mpya na kila kitu. Nimsikilize nani?

JIBU: Kaka, wote wana hoja, ila wote wanataka kuanzia pabaya. Vijana wanataka utupe vitu visivyopatikana tena ili ununue vinavyouzwa kila kona. Mzee naye anataka rangi mpya ifunike kitu ambacho kikishafunikwa hakirudi. Ushauri wangu ni huu: fufua injini hiyohiyo, acha rangi hiyohiyo, na ukibadili kitu, kiwe kile ambacho siku yoyote unaweza kukirudisha kwa spana tu, bila msumeno wala mashine ya kuchomelea.

CG125 ilitolewa na Honda mwaka 1976, ikiwa imebuniwa kwa ajili ya nchi ambazo pikipiki hubeba mizigo, hupita vumbi, na oili hubadilishwa siku mwenyewe akikumbuka. Ndiyo maana haina cheni ya taimingi. Kemshafti, shafti inayofungua valvu, iko chini, inazungushwa na gia, na valvu zinasukumwa na fimbo mbili ndefu, pushirodi. Silinda ina kipenyo cha mm 56.5, pistoni inapanda na kushuka mm 49.5, jumla cc 124. Muundo huo ulinakiliwa na viwanda vingi vya China, na bodaboda nyingi za Kichina unazoziona vijiweni zina injini ya ukoo huo. Ukifika duka la spea ukaomba ringi za CG, huulizwi mara mbili.

Kwa hiyo vya ndani vipo: pistoni, ringi, valvu, pushirodi, gasketi, pleti za klachi, beringi, sili. Vya nje ndivyo adimu: tenki la umbo lile, makava ya pembeni yenye nembo, kava zima la cheni, spidomita, ganda la taa ya mbele, siti yenye bati lake la chini. Kabla hujashika spana, zunguka pikipiki na daftari uandike kila cha nje: kipo au hakipo, kizima au kimevunjika. Umesema ipo kamili. Basi hapo ndipo thamani yake ilipo, na hicho ndicho wanachotaka kukikata.

Kiki iliyogoma

Acha kabisa kuilazimisha. Pikipiki ikikaa miaka hiyo yote, ringi hushikwa na kutu kwenye ukuta wa silinda. Ukiruka juu ya kiki kwa uzito wako, ringi zinavunjika na kuchana silinda, au meno ya shafti ya kiki yanalika, na kazi ya siku mbili inageuka kuwa ya kupasua injini nzima.

Kwanza hakikisha tatizo ni injini na si kiki yenyewe. Ingiza gia ya juu kabisa, kisha sukuma gurudumu la nyuma mbele na nyuma kwa mkono. Likicheza kidogo tu cheni inapolegea kisha likagota, injini imeshika. Likizunguka na ukaona pistoni inapanda na kushuka kupitia tundu la plagi, injini ni nzima, mfumo wa kiki ndio mbovu, nao unafikiwa kwa kufungua kava la kulia.

Ikiwa imeshika, toa plagi, mimina mililita 15 hadi 20 za mchanganyiko wa dizeli na oili ya gia boksi za otomatiki, nusu kwa nusu, uache siku mbili au tatu. Kisha rudia kulitikisa gurudumu ukiwa kwenye gia ya juu, kidogokidogo, mbele na nyuma. Ikikataa, ongeza mafuta na usubiri tena. Usipitishe chuma kwenye tundu la plagi ukagonga pistoni. Sehemu ya juu ya pistoni ni alumini na inatoboka kirahisi. Ikigoma kabisa baada ya wiki, toa hedi (kichwa cha silinda), na silinda ivutwe ikiwa imelowa vizuri.

Ikishaachia, bado usiiwashe. Mwaga oili kwanza uitazame kwenye chombo cheupe. Ikiwa kama maziwa, kuna maji. Ikimetameta chembe za chuma, kuna beringi au gia inayolika na injini lazima ipasuliwe. Oili nyeusi nzito tu ni uzee, haina ubaya.

Bahati yako ni kwamba Kongwa ni pakavu. Pikipiki iliyokaa miaka hiyo Tanga au Bagamoyo ingekuwa imeliwa hadi ndani ya fremu. Yako huenda ina kutu ya juujuu tu. Ukavu huohuo lakini umemaliza mpira wote, na hilo nalirudia huko mbele.

Kupima injini

Hata ikizunguka vizuri, toa hedi na silinda. Oili iliyoganda tangu 2009 haikupi ruhusa ya kubahatisha. Kipimo cha kwanza, ambacho wengi hukiruka, ni cha konrodi, mkono unaounganisha pistoni na krenki. Osha sehemu ya chini ya konrodi kwa petroli na uikaushe, kwa sababu oili huficha mchezo. Zungusha krenki mpaka konrodi ifike juu kabisa. Ishike kwa vidole, ivute juu na uisukume chini kwa wima. Haitakiwi kusogea hata kidogo. Ikisogea pembeni, kushoto na kulia, hiyo ni kawaida, nafasi hiyo imeachwa makusudi. Ukihisi mchezo mdogo wa wima, hata ule wa kusikika tu kwenye kucha, beringi ya chini ya konrodi imekwisha na pistoni mpya haitasaidia kitu.

Krenki ya CG imeunganishwa kwa kubanwa na presi. Kubadili konrodi kunahitaji presi, kisha krenki inyooshwe ikiwa imelazwa juu ya vitegemeo huku daili geji ikisoma. Mpindo lenga mm 0.03, usizidi 0.05. Fundi anayeinyoosha kwa macho atakurudishia injini inayotetemesha mikono na kula beringi za pembeni. Katika kazi yote hii, hapa ndipo pa kutafuta mchongaji wa vyuma mwenye vifaa hata kama yuko mbali.

Silinda ipimwe juu, katikati na chini, na kila mahali ipimwe pande mbili. Kipenyo kikiwa hakijafika mm 56.60 na hakuna mchano unaoshika ukucha, inatosha kusuguliwa kidogo na kuwekewa ringi mpya. Zaidi ya hapo inachongwa kwa ovasaizi, yaani inapanuliwa ili iingie pistoni kubwa kidogo. Zipo 0.25, 0.50, 0.75 na 1.00, anza na ndogo inayofuta mchano wote, maana kila unaporuka saizi unapunguza maisha ya silinda ya asili. Nunua pistoni kwanza, umpelekee mchongaji pamoja na silinda, naye achonge kwa kufuata pistoni hiyo uliyomkabidhi. Pistoni za kunakili hutofautiana hata zikiwa na namba moja kwenye boksi. Nafasi kati ya pistoni na silinda iwe mm 0.03 hadi 0.05. Angalia pia tundu la pini, ni mm 15, na urefu wa kichwa cha pistoni uulinganishe na ile ya zamani kabla hujalipa.

Ringi nazo pima kabla ya kuzivalisha. Ingiza ringi moja ndani ya silinda, isukume kwa pistoni ili ikae sawa, kisha pima mwanya wa ncha zake kwa fila geji. Uwe mm 0.15 hadi 0.35. Usipokuwepo mwanya, ringi ikipata joto ncha zinagongana, injini inakamata barabarani. Alama au herufi iliyoandikwa kwenye ringi itazame juu, na mianya isipangwe mstari mmoja.

Kwenye hedi, valvu zisagwe, kisha geuza hedi umimine petroli kwenye njia ya kuingizia na ya kutolea. Ikivuja kupita valvu ndani ya dakika chache, saga tena. Tapeti za CG, yaani mwanya wa valvu, ni mm 0.08 kwa valvu zote mbili, injini ikiwa ya baridi na pistoni ikiwa juu kwenye kubana. Hapa ndipo ugomvi na mafundi wa mtaani huanzia. Injini ya pushirodi ina sauti, inagongagonga kidogo kwa asili yake. Fundi aliyezoea injini zilizo kimya atakaza tapeti mpaka mlio uishe. Valvu ya kutolea haitafunga vizuri, moto utapita pembeni yake, na baada ya miezi michache pikipiki itakosa nguvu na kuwaka kwa shida asubuhi. Mwambie aache mlio wake.

Ukiwa umefungua kava la kulia, usifunge bila kusafisha chujio la oili. CG haina chujio la karatasi. Ina kikombe mwishoni mwa krenki kinachotenganisha uchafu kwa mzunguko, na wavu mdogo chini. Kikombe hicho kina kifuniko cha skrubu, na nati yake ya ndani inataka soketi maalumu yenye meno. Kwa kukosa soketi, mafundi wengi hukiacha, wengine huipiga nati kwa patasi. Utakuta tope jeusi gumu limejaa ukutani. Likwangue kwa kijiti, lisiingie kwenye tundu la krenki, kwa kuwa oili ya beringi ya konrodi inapita hapo. Oili yenyewe ni kama lita moja. Kwa joto la Dodoma 20W-50 inafaa, ila iwe ya pikipiki, yenye alama JASO MA, kwa sababu klachi inaogelea humohumo na baadhi ya oili za magari huifanya iteleze.

Tenki na kabureta

Mulika tochi ndani ya tenki. Kutu nyepesi ya rangi ya chungwa huondoka kwa siki: jaza, acha siku moja au mbili, mwaga, suuza kwa maji yenye soda ya kuokea ili kuua asidi, kausha haraka juani, kisha zungusha oili kidogo ndani. Kutu ya magamba itahitaji kutiwa nati chache na kutikiswa kwanza, na uzihesabu zikiingia na zikitoka. Likivuja, usikubali mtu aguse kwa moto tenki lililowahi kuwa na petroli, hata kama limekauka miaka. Mvuke uliobaki kwenye mikunjo unatosha kulipua. Fundi anayejua kazi yake hulijaza maji na kuacha nafasi ndogo tu pale anapochomea.

Kabureta safisha kwa dawa yake. Jeti, vile vijitundu vya kupitisha petroli, zisichokolewe kwa waya wa breki, tundu likipanuka kidogo tu mchanganyiko umeharibika. Tumia uzi wa mshipi wa kuvulia. Wauza samaki wa Mtera watakuelekeza pa kuupata. Dodoma iko takriban mita 1,120 juu ya usawa wa bahari, hewa ni nyepesi kuliko pwani, kwa hiyo jeti ya kawaida inaweza kutoa petroli kidogo zaidi ya inavyotakiwa. Plagi ikiwa nyeusi yenye masizi makavu baada ya safari, shusha sindano ya slaidi kwa tundu moja kabla hujakimbilia kununua jeti. Kinachotakiwa ni rangi ya chai ya maziwa.

Kwa nini nakataa "kafe resa" yao

Siukatai kwa sababu ya sura. Kuna kafe resa nzuri sana. Naukataa kwa sababu ya vumbi la huku kwetu na kwa sababu ya pikipiki hii yenyewe.

Jambo la kwanza watakalolitoa ni boksi la chujio la hewa, ili katikati ya fremu pabaki wazi, wafunge kichujio kidogo cha koni. Barabara za changarawe zinazokata kutoka lami ya Morogoro kuingia vijijini Kongwa zina vumbi laini kama unga. Koni nyingi za bei nafuu hupitisha vumbi hilo, nalo likichanganyika na oili kwenye ukuta wa silinda ni msasa tosha. Silinda uliyoichonga kwa uangalifu inakwisha mapema. Zaidi ya hapo hewa ikiingia nyingi kuliko jeti ilivyopangiwa, injini inachemka na plagi inakuwa nyeupe.

La pili ni kava la cheni. Honda iliifunika cheni yote, juu na chini, kwa makusudi. Cheni ya 428 iliyofunikwa na kupakwa oili mara kwa mara hudumu muda mrefu zaidi ya ile ya bodaboda iliyo wazi, na sproketi zake vilevile. Wao wataliita bati la kizee.

La tatu ni fremu. Wakikata nyuma, sehemu inayoshika shokapu na siti inadhoofika usipochomea kiungo kingine vizuri, na hutarudisha tena kerea, siti ya watu wawili wala madigadi asilia. Usukani wa chini nao unakupa maumivu ya viganja na shingo kwa safari ya Kongwa, wakati mjini utaufurahia kwa dakika kumi za kupiga picha.

Kuhusu cc 150: injini hizo nyingi zina pistoni ya mm 62 na mwendo uleule wa mm 49.5. Kuna njia mbili. Moja ni kufunga silinda ya 150 juu ya keisi yako, na ili silinda hiyo iingie, mdomo wa keisi unapanuliwa kwa mashine. Hiyo hairudi, na keisi yenye namba asilia ya injini imeharibika. Nyingine ni kufunga injini nzima ya bodaboda na kuihifadhi ya Honda stoo, ikiwa imepakwa oili na kuzibwa matundu. Inaonekana ni badiliko kubwa zaidi, kumbe ndiyo salama zaidi, kwa sababu ukichoka unarudisha. Ukifika huko, pima nafasi za bolti za kushikia injini kabla ya kununua; nyingi za ukoo wa CG hukaa, si zote. Ila namba ya injini itatofautiana na ya kwenye kadi, na usipoitolea taarifa TRA utakuwa unajieleza kila unaposimamishwa na trafiki. Kwa matumizi yako, 125 iliyo sawa inatosha kabisa.

Ingekuwa Yamaha DT175 ningekujibu tofauti. Ile ni ya stroku mbili, vya ndani vyake havipo kila duka, na kuna wakati kubadili injini ndiyo njia pekee ya kuiona ikitembea. CG haina kisingizio hicho.

Unachoweza kubadili bila kujuta

Umeme. Pikipiki za umri huo nyingi ni volti 6. Soma kwenye balbu na betri. Taa yake ni hafifu kwa barabara yenye malori, na balbu na betri za volti 6 ni za kutafuta. Hapa nakubali badiliko, mradi ubadili seti nzima: sumaku ya injini, koili za kuchajia, CDI (kisanduku kinachoamuru cheche badala ya pointi), koili ya plagi, regyuleta, fleisha ya indiketa, honi, betri na balbu zote. Mtego ni kufanya nusu. Mtu hufunga betri ya volti 12 kwenye koili za volti 6, betri haijai kamwe, naye analaumu betri. Sumaku na koili zake vinunuliwe pamoja, na ujaribu kwa mkono kwamba sumaku inakaa barabara kwenye ncha ya krenki na haigusi kava. Vile vya zamani viandike majina, vifunge kwenye boksi, mpe mzee akutunzie.

Ukiamua kubaki na volti 6, safisha pointi, weka mwanya wa mm 0.30 hadi 0.40, na ubadili kondensa hata kama cheche inaonekana. Kondensa mbovu hukuwashia asubuhi na kukuzimia injini ikipata joto.

Mpira, tairi na breki hazina mjadala wa asili au si asili. Tairi za 2009 au kabla yake zitupwe hata kama kashata (meno ya tairi) ni nzima. Tairi zilizotengenezwa kuanzia mwaka 2000 zina namba nne ubavuni, mbili za wiki na mbili za mwaka, na hata mpya utakazonunua zisome kwanza. Tyubu na utepe wa ndani wa rimu vibadilishwe pia. Viatu vya breki vya zamani vinaweza kuonekana vinene, lakini gundi inayoshika lainingi imekauka, na lainingi ikibanduka ndani ya ngoma gurudumu linafunga ghafla. Pima ngoma uende na kiatu cha zamani dukani. Waya zote za klachi, breki na mafuta, sili za shokapu za mbele, bomba la petroli, na ule mpira unaounganisha kabureta na hedi: vyote vipya. Huo wa mwisho ukiwa na ufa, injini inavuta hewa ya wizi, inachemka, na utaisaka kasoro hiyo kwenye kabureta mwezi mzima.

Ukitaka sura tofauti kidogo, weka tairi zenye meno makubwa kwa ajili ya njia za vijijini, usukani mpana wa kufunga kwa bolti, na vioo vizuri. Hivyo vyote vinatoka kwa spana.

Rangi

Hapa nitamkosea mzee kidogo, naye anisamehe. Usiipake rangi sasa. Ile ya kiwandani, hata ikiwa na mikwaruzo ya mifuko ya mbegu, ni moja tu. Ioshe kwa maji na sabuni laini, isugue taratibu kwa dawa ya kung'arishia, kisha nta. Sehemu inayong'aa vizuri itakushangaza. Palipobaki chuma kitupu, tumia dawa ya kugeuza kutu na upake vanishi angavu juu yake. Krome yenye vidoadoa vya kutu isugue kwa karatasi ya foili iliyokunjwa ukiilowesha maji, au sufi ya chuma laini kabisa na oili. Usikubali rangi ya fedha ya kopo kwenye rimu, inabanduka na kuonekana vibaya kuliko kutu yenyewe.

Endesha kwanza kama km 500, ndipo mzungumze rangi. Km hizo ndizo zitakazoonyesha kama kuna sili inayovuja au injini itakayofunguliwa tena, na injini ikitolewa kwenye fremu iliyopakwa jana, mikwaruzo ni lazima. Katika km hizo usizidi 50 hadi 60 kwa saa, badilisha mwendo mara kwa mara, na mwaga oili ikifika km 200, tena ikifika 500, kisha kila km 1,500. Baada ya hapo, kama mzee bado ameshikilia, pakeni tenki na makava kwa rangi ya asili, lakini namba ya fremu iliyogongwa kwenye shingo ifunikwe kwa tepu kabla ya msasa. Wapaka rangi wengi hujaza hapo kwa puti ya kusawazishia bila kujua, na pikipiki ambayo namba yake haisomeki ni kesi.

Kuna hali ambazo ningewaunga mkono vijana: kama tenki lingekuwa limetoboka kila mahali, makava hayapo, au fremu imeshakatwa na kuchomewa kerea ya kubebea magunia. Pikipiki ya namna hiyo haina cha kulinda, ibadili unavyopenda. Pima na fremu yako pia kwa uzi: funga uzi kwenye tairi la nyuma, uvute mbele pande zote mbili za tairi la mbele. Mianya ikitofautiana upande na upande hata baada ya kurekebisha cheni, fremu au shokapu zimepinda, na hesabu yote inaanza upya.

Mwisho ni karatasi, na hizi zifanyike kabla hata ya kununua plagi. Linganisha namba ya fremu na ya injini na zilizo kwenye kadi, zipige picha. Kama kadi ni ya zamani na namba inaanzia TZ, nenda ofisi ya TRA Dodoma uulize utaratibu wa kuisajili upya kwa namba za sasa za MC. Kisha hamisha umiliki wakati mzee yupo na anaweza kusaini: kadi halisi, maandishi ya kukukabidhi, vitambulisho na TIN za wote wawili. Mungu ampe maisha marefu, lakini ikibaki kwa jina lake mpaka ije kuwa urithi, mtapitia Mahakama ya Mwanzo kumteua msimamizi wa mirathi, na ndugu zako nao watakuwa na neno juu ya pikipiki uliyoitengeneza kwa fedha yako.